Madiske ya nkambo mu sanduku ya chuma, nianzie wapi?

katoto_ka_katuba

Jambo kwenu bote, bapapa, bamama, bayaya. Niko Lubumbashi, ku Katuba, nina shida kidogo lakini ni shida ya muzuri.

Juma iliyopita tulikuwa natosha bintu mu chumba ya nyuma ku lupango ya nkambo yangu mwanamuke, bibi yetu, juu bafundi banataka kubadirisha mabati, na kule chini ya kitanda ya zamani tukakuta sanduku moja ya chuma, rangi ya kijani, nzito sawa imejaa misumari. Kaka yangu alizani ni makaratasi ya pensheni ya nkambo mwanaume, akafurahi kabisa. Kufungua, ni madiske! Nimehesabu 31. Ingine ni kubwa na nzito sawa sahani, imeandikwa 78, ingine ni kadogo imeandikwa 45. Ile mavumbi nyekundu ya kwetu imeingia mupaka ndani ya makaratasi yake. Ku lebo naona Ngoma, Loningisa, Gallotone, Editions Populaires. Majina ya baimbaji ingine najua (Franco, Jean-Bosco Mwenda), ingine hapana.

Nkambo mwanaume alitumika ku Union Minière, kampuni ya migodi, tangu kijana mupaka ikageuka Gécamines, alikufa 2009. Nkambo mwanamuke angali, ana miaka 84, macho inamusumbua lakini masikio inasikia kila kitu, hata kenye hautaki asikie. Anaimbaka polepole wakati anachambua lengalenga, ukimuuliza nkambo ile ni mwimbo gani, anacheka tu anasema "ya zamani".

Donki ninataka asikie hizi madiske. Binamu yangu eko na kamashini ka kuchezesha madiske, kenye kanafunga sawa valizi, iko na 33, 45 na 78 (mizunguko kwa dakika moja). Naweka tu nacheza? Naosha na nini? Na tena binamu anasema kuna batu banauzishaka ile ya zamani ku bazungu kwa madola mingi, banaitafuta kabisa. Miye sijui. Munisaidie, siku ya mungu batu ba familia bote banakuja ku nkambo.

fundi_wa_bafle

Dada usiguse kitu kwanza!! Na usianike ku jua ati ikauke, jua ya kwetu na mabati chini, ile ya 45 itajikunja sawa sambusa na hauinyoshe tena.

Nakuelezea polepole juu hii kazi ninaifanya hapa Kamalondo tangu papa yangu. Ile kubwa ya 78 haina plastiki. Ni shelaki, utomvu wa kadudu fulani ka ku India, banachanganya na unga ya mawe. Ikianguka inavunjika sawa sahani, njo maana unaona ni nzito sawa sahani, macho yako ni mazuri. Hii usiweke alkoli hata tone, alkoli inayeyusha shelaki, kuna mutu alisafisha diske za baba yake na alkoli ya farmasi akaniletea kitu sawa lami. Ile ya 45 ni vinili, yenyewe ni ya kuvumilia.

Kuosha: pita ku garaji uombe mayi ya batri, ILE YA KUONGEZA, hapana asidi, uliza mara mbili. Hiyo mayi haina chumvi haina chokaa, ikikauka haiachi kitu mu mistari. Tone moja ya sabuni ya maji, kitambala ya laini sana (ya kufutia mutoto muchanga ni muzuri), unazunguka kufuata mistari, usikate mistari. Lebo isilowe. Kisha zisimamishe kivulini. Na mukisha kucheza muzipange zimesimama sawa buku, usilaze moja juu ya ingine, uzito inaziua.

Sasa ile kamashini ka valizi. Kanasema 78 lakini nauliza: sindano yake ni ya nini? Kwa kawaida iko moja tu, ya 33 na 45. Mistari ya 78 ni mipana, mara tatu na zaidi, ile sindano inazama mupaka chini kwenye uchafu na inatembea mule, utasikia tu kelele ya samaki mu mafuta na kwa mbali sana mutu anaimba. Kunauzishwaka sindano ya 78 ya pekee, uliza aina ya kichwa ya ile mashini ndio uagize. Kwa siku ya mungu cheza 45, ile ya 78 ingojee. Na usicheze moja mara makumi mbili, mukono ya ile mavalizi inalemea diske, inakula.

Kitu ingine, kama mutatumia pikapu ya kweli (mashini ya kuchezesha diske) na ampli, usichomeke tu ku tundu ya AUX. Sauti itatoka nyembamba sawa ya mbu juu ku diske besi banaipunguzaka na ile ya juu banaiongeza wakati ya kuikata, ampli inapashwa kurudisha, njo kazi ya pale palipoandikwa PHONO. Mutu hajui hii anasema diske imekufa. Haijakufa.

Na kama kuna mutu anawatumia mashini toka Marekani muangalie motere, hata kama muko na transfo ya 110. Kule umeme yao inazunguka mara 60 kwa sekunde, yetu 50. Motere zingine za zamani zinafuata ile namba, si ile volti. Klienti alileta moja, tukaweka Franco, ikazunguka 27 na kitu pahali pa 33, Franco akaimba sawa muzee mwenye amekunywa tangu asubui. Tulicheka mupaka klienti akakasirika.

mwana_nyawera

Salut kutoka Bukavu. Mimi sielewi kabisa ile shida yote, mayi ya batri, sindano ya kuagiza 😅 Dada yangu, miziki ya Franco iko yote ku intaneti, Mwenda iko, unapakua, unaweka ku telefone ya bibi na ekuta ku masikio, kazi imekwisha na mavumbi hakuna. Hata unaituma mu grupe ya familia ku WhatsApp, bashangazi benye biko Ubelgiji nabo banasikia siku ile ile. Diske uzitundike ku ukuta, ni mapambo ya muzuri.

Lakini fundi naomba kitu kimoja, sawa mimi nina pikapu ya baba yenye iko na 33 na 45 tu, na kuna diske moja ya 78 mule, kuna namna?

fundi_wa_bafle

@mwana_nyawera unatukana kisha unaomba 😂 Namna iko. Unatafuta sindano ya 78, unacheza diske ku 45, inaenda polepole sawa treni ya mizigo, unairekodi mu ordi (kompyuta) na programu sawa Audacity, kisha unaongeza mwendo mara 1.733 (ni 78 kugawanya na 45). Inakuwa sawa. Sauti haitakuwa ya kanisa lakini mutu utamutambua.

papa_shituru

Mwanangu wa Katuba, na wewe mwanangu wa Bukavu, salamu zenu. Mimi ni mtu wa Likasi, nimestaafu, nina muda, mtanivumilia nikiandika mingi.

Kwanza, zile Gallotone, diske za kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, 1910, na yote ya kusini yalikuja na hiyo reli: mablangeti, baiskeli, gramofone za kuzungusha kwa mkono, na diske. Kwa hiyo sisi wa Katanga tulikuwa tunakula pande mbili, Kinshasa walituletea diske za Ngoma, kampuni ya yule Mgiriki Jeronimidis tangu 1948, na Loningisa ya Wagiriki wengine, na Afrika ya Kusini wakatuletea zao. Mwenda alizaliwa Bunkeya 1930. Hugh Tracey, Mwingereza wa kurekodi muziki, alimkuta na gitaa lake Jadotville, ndiyo Likasi yetu ya leo, mwaka 1952, diske zikatoka kule kusini kwa Gallo, zikarudi kwetu kwa treni. Fikiria hiyo safari! Sauti ya mtu wa hapa inaenda mpaka Johannesburg inarudi imekuwa sahani, mtu wa kambini anainunua siku ya mshahara. 1969 alikwenda kupiga mpaka Newport kule Marekani. Anaimba Kiswahili chetu hiki hiki, na watu wa Nairobi walijifunza vidole vyake.

Sasa mwana wa Bukavu. Sikukatazi telefone, mimi mwenyewe ninayo. Ila kuna kitu hukijui kwa sababu hukukuwako. Diske ya 78, na 45 vilevile, upande mmoja ni dakika tatu hivi, mara nyingine dakika nne. Wimbo wa OK Jazz, bendi ya Franco, haukuingia, kwa hiyo waliukata, upande A sehemu ya kwanza, upande B sehemu ya pili, na sebene tamu, pale magitaa yanachangamka watu wacheze, mara nyingi iko kule B. Maana yake nini? Kila dakika tatu mtu anasimama. Muziki unanyamaza. Na pale pale katikati, kabla B haijaanza, ndipo baba alikuwa anasema. "Hii nilinunua mwaka uliozaliwa wewe." "Yule mpiga gitaa tulikutana naye ku bal, ku dansi." Baba yangu hakuwa mtu wa maneno, kazini kelele za mashini, nyumbani amechoka. Yote ninayojua ya ujana wake niliyapata wakati wa kugeuza diske. Ukiweka nyimbo mia mbili mfululizo ku masikio ya bibi, na masikio yameziba, atakwambia saa ngapi?

Mwanangu wa Katuba, cheza 45, na acha binamu asikimbilie kugeuza. Geuza polepole.

Na kitu kimoja: angalia ku lebo kama kuna jina limeandikwa na kalamu. Tulikuwa tunaandika, kwa sababu siku ya sherehe kila mtu alibeba zake, na usiku ukiisha zinachanganyika. Diske bila jina ilikuwa diske ya mji.

mama_wa_batatu

Papa Shituru umeniliza asubui hii na niko mu kazi.

Miye nina mufano. Bwana yangu alileta nyumbani 45 ya Indépendance Cha Cha, ile ya Grand Kallé na African Jazz, bairekodi Brussels 1960 wakati ya table ronde, ule mukutano wa kupanga uhuru. Batoto bangu balikuwa nasikiaka ile mwimbo kila 30 juin, siku ya uhuru, ku radio na habakuulizaka kitu hata siku moja. Sasa diske inazunguka mbele ya macho yao, wa kati ana miaka kumi, kusikia anaruka: "Mama, banasema Tshombe? Ni ule Tshombe wa mu buku ya masomo?" Kisha "Conakat ni nini?" Ee Mungu. Kuanza kueleza Conakat, chama ya siasa ya ule Tshombe wa Katanga, kwa mutoto wa miaka kumi wakati bukari iko ku moto, nikamutuma kwa nkambo yake. Nkambo yake akaeleza saa moja nzima, bukari ikapoa, na nikagundua baba mukwe alikuwaka mule mu mustari akingojea kupiga kura ya 1960 na suruali ya kuazima. Miaka kumi na ine ya ndoa, hakuna mutu aliniambia!

@mwana_nyawera yangu juu ya telefone ni ndogo tu: telefone ni ya mutu moja. Ikilia mu chumba kila mutu anaangalia yake.

mwana_nyawera

Sawa sawa, munanipiga bote 🙌 Nimesikia. Lakini bado nasema murekodi! Kadudu, moto, mayi, sanduku kuibiwa, nini itabaki? Muwashe telefone wakati bibi anasikia, irekodi diske na bibi pamoja, hata pale katikati kwenye Papa anasema. Hapo natumaini hatugombani.

papa_shituru

Hapo hatugombani. Umesema vema kuliko mimi.

katoto_ka_katuba

Aksanti sana bote, Papa Shituru, fundi, mama, na wee yaya wa Bukavu. Nimeosha ine, na mayi ya batri (ya kuongeza, nimeuliza mara mbili 😅), kitambala imetoka nyekundu sawa njia ya Ruashi.

Lakini Papa, jina. Kuko jina ku karibu zote, na kalamu ya bleu, mwandiko muzuri wa shule ya bamonpere, bapadri. Lakini haina jina ya nkambo yangu. Si jina ya familia yetu hata kidogo. Kaka anasema labda alinunua ya mukono ya pili. Nitamuuliza nkambo siku ya mungu.

fundi_wa_bafle

Ya mukono ya pili jina zingekuwa mingi tofauti. Kama ni jina moja ku 31, ile ni sanduku ya mutu.

Usiuzishe kwanza. Hata bila hiyo jina nilitaka kukwambia, batu benye banapitaka mu malupango banauliza "mama hauna diske za zamani?" banalipa bei ya mikate ya chai kisha wee unasikia ilienda Ulaya.

katoto_ka_katuba

Nimerudi. Samahani nimekawia, na hii itakuwa ndefu.

Siku ya mungu tulikuwa batu kumi na mbili, tukaketi ku baraza, nkambo ku kiti yake. Umeme ilikatika saa nane, tukangoja, ikarudi karibu saa kumi. Tundu ya katikati ya ile 45 ilikuwa kubwa kuliko kachuma ka mashini, kale ka plastiki ka kujaza ile tundu kamepotea, kaka akakata kaduara mu slipa ya zamani ya binamu na kisu, ikaingia sawa kabisa (binamu hakucheka). Nikaweka moja ya OK Jazz. Kelele kidogo, kisha gitaa.

Nkambo aliacha kuongea. Kidole ilikuwa inapiga ku mukono ya kiti. Anaimba, maneno yote, Lingala, nkambo mwenye hasemaka Lingala! Batoto badogo bakaanza kucheza nyuma yake. Yaya wa Bukavu, nilikuwa nimewasha telefone, iko yote.

Upande A ikaisha. Nilisimama kugeuza, polepole sawa Papa alisema. Kimya. Na nkambo, macho imefungwa, anasema: "Sasa anakohoa."

Nikauliza nani, nkambo? Anasema: "Jirani. Akisimama kugeuza alikuwa nakohoaka. Kila mara."

Kumbe nkambo mwanaume hakuwaka na pikapu hata siku moja. Balikuwa naishi Likasi, mu kambi ya Gécamines, nyumba mbili ukuta moja. Madiske ilikuwa ya jirani, na nkambo alijua zote kupitia ku ukuta, akitwanga, akiosha batoto, hakuingiaka mule kusikiliza, mwanamuke wa watu alikuwa na kazi. Miaka makumi mbili anasikia ku ukuta. Anajua hata ile diske yenye ilikuwa naruka mahali pamoja, akaniambia itaruka pa neno gani, nikaiweka, ikaruka pale pale.

Jirani alikuwa mutu wa Kasai. 1993, ile wakati munaijua, batu ba Kasai balikuwa nafukuzwa Katanga, alingoja treni ku stasio ya Likasi na bibi yake na batoto, juma kwa juma, pale inje na batu maelfu. Nkambo mwanaume alikuwa nabapelekea chakula usiku. Treni ilipofika haikuwa na nafasi ya masanduku, na jirani akasema "munichungie hii, nitatuma mutu". Hakuna mutu alikuja. Walipohamia Lubumbashi bakaibeba, na nkambo mwanaume alikataza kuifungua, anasema si yetu. Njo maana chini ya kitanda. Njo maana hakuna mwenye aliicheza tangu ile siku, miaka zaidi ya 30.

Mama yangu mwenyewe hakujua. Alikuwa pale ku baraza na sahani ku mukono, amesimama tu.

Kisha nkambo akasema geuza basi, sebene iko kule. Nikageuza.

Donki sasa swali yangu imebadirika. Nataka kutafuta batoto ba ule muzee. Nkambo anakumbuka majina ya wawili, na kijiji anaikumbuka kidogo tu. Jina kamili ya muzee iko ku lebo. Niandike hapa? Kuna mutu eko ku Kasai mu hii grupe?

fundi_wa_bafle

Leta zile za 78 kwangu Kamalondo, nina sindano moja ya papa. Bure. Usizicheze na valizi, nakuomba.

papa_shituru

Mwanangu, usiandike jina lake hapa, kila mtu anasoma. Niandikie ku inbox.

Ile stasio nilikuwako. Wengi wa treni zile walishuka Mwene-Ditu na wakabaki palepale, hawakufika mbali zaidi. Nina mwenzangu wa kazi kule, tunapigiana simu kila Noeli. Nipe jina, na umuulize bibi muzee alikuwa atelie gani pale Shituru, kiwanda cha Gécamines cha Likasi, sehemu gani. Na kile kikohozi pia umwambie, watu wa atelie wanakumbukana kwa vitu kama hivyo.